Rauni Moja, Ashu Moja: Gemu Gani ya Mbio Inastahili Kurudiwa?

Wakosoaji wa gemu wa ng'ambo wana njia yao ya kupima kama gemu ya magari inafaa kurudiwa: wanahesabu saa. Ina magari mangapi, barabara ngapi, miji mingapi, na ukishamaliza hadithi yake umebakisha nini cha kufungua? Wanachukua bei, wanaigawanya kwa hizo saa, wanatoa alama. Sina ubaya na hesabu hiyo. Ni hesabu ya mtu aliye na konsoli yake, sebule yake, na stima isiyopotea kila mvua inaponyesha.

Kisumu Ndogo hesabu ni nyingine. Jina hilo lina mitaa zaidi ya mmoja hapa Nairobi, na humo wasee wa rika langu walijulia magari ya skrini kwenye kibanda cha mabati: benchi moja refu, televisheni nene yenye mgongo, PS2 moja au mbili, na mwenye gemu ameketi mlangoni na mkebe wa sarafu. Pale hununui gemu. Unanunua rauni. Ashu yako inakupa zamu, zamu ikiisha unasimama na mwingine anaketi kabla kiti hakijapoa. Kwa hivyo gemu inayofaa kurudiwa ni ile inayokufanya uanze kupapasa mifuko kutafuta ashu nyingine, hata kama ile ya kwanza ilikuwa ya kununua maziwa.

Nataka kuzilinganisha gemu za mbio kwa kipimo hicho, kwa sababu naona kinasema ukweli ambao kipimo cha saa hakioni.

Sarafu ilianza zamani

Kwanza, hesabu ya sarafu hatukuibuni sisi. Gemu za mbio tunazoziita za akedi zilizaliwa kwenye kumbi za mashine, mahali ambapo kila mchezo ulianza kwa kutumbukiza sarafu. OutRun ya Sega, iliyoundwa na Yu Suzuki mwaka wa 1986, ilikuwa na vipande 15 vya barabara, lakini hukuweza kuvipita vyote kwa safari moja. Mwisho wa kila kipande njia iligawanyika, ukachagua kushoto au kulia, na safari nzima ikaishia kwenye mojawapo ya miisho mitano. Ukifika mwisho, dakika chache tu zimepita. Unaondoka ukijua kuna barabara ambazo hujaziona, na mashine bado iko pale, inawaka taa, inangoja sarafu nyingine. Ridge Racer ya Namco, mwaka wa 1993, ilifuata mtindo huohuo: mizunguko michache, gari linalokubali kuteleza kwenye kona bila kukuadhibu, saa inayokufukuza kwa nyuma.

Halafu konsoli zikaingia majumbani. PS2 ilitoka mwaka wa 2000 na ikauzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani. Gemu zikabadilika kumfuata mnunuzi. Mtu aliyelipia diski nzima alitaka diski inayodumu, basi wabunifu wakampa hadithi, gereji, orodha ya maadui, na memori kadi ya kuhifadhi alipofika.

Kisha mashine hizohizo, zikiwa zimetumika na kuchoka, zikafika mtaani kwetu na zikarudishwa kwenye sarafu. Gemu iliyotengenezewa sebule ya mtu mmoja ikawekwa mbele ya watoto kumi na wawili wanaopokezana padi mbili. Huo ndio mtihani mgumu kuliko wowote ambao gemu ya mbio inaweza kupewa, na gemu nyingi maarufu ziliuanguka.

Most Wanted, au kuibiwa kila siku

Tuanze na ile ambayo kila mtu ataniuliza kama nisipoitaja. Need for Speed: Most Wanted ya mwaka wa 2005 ndiyo gemu ya mbio inayopendwa zaidi na watu wa umri wangu, na enyewe nawaelewa. Mji wa Rockport una mwanga wa jioni usioisha. Makarao wanakufukuza kwa hasira ambayo sijaiona kwenye gemu nyingine: wanaweka vizuizi, wanamwaga miiba barabarani, na redioni unawasikia wakipanga jinsi ya kukubana. Kuna orodha ya maadui 15, na kileleni yupo Razor, aliyechukua BMW M3 GTR yako.

Hapo ndipo shida ya kibanda inapoanzia. Gemu inakukaribisha ukiwa ndani ya ile BMW. Unaiendesha, unaizoea, halafu inachezewa, unashindwa, Razor anaondoka nayo. Mwenye konsoli nyumbani atapanda ngazi moja baada ya nyingine kwa wiki kadhaa mpaka airudishe. Ni hadithi nzuri. Lakini kibandani memori kadi ni moja, imejaa FIFA, na ukiomba kuhifadhi unaambiwa utalipa tena. Kwa hivyo wengi wetu tuliujua mwanzo wa Most Wanted kama tunavyojua njia ya kwenda msalani usiku, na mwisho wake tukausikia tu kwa aliyebahatika. Kila ukilipa ashu unapewa gari, unaibiwa gari, muda umeisha.

Sisemi ni gemu mbaya. Nasema mvuto wake wote umewekwa ndani ya memori kadi. Ukiondoa kadi, kinachobaki ni zile mbio fupi za watu wawili, skrini ikigawanywa mara mbili, na bila ule uzito wa Razor mbio hizo ni za kawaida tu. Most Wanted inampenda mtu aliye na kesho ya uhakika.

Dada yake mkubwa, Underground 2 ya mwaka wa 2004, ana ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa zaidi, ingawa kwa Nairobi ina maana ya pekee. Ni gemu ya kupamba gari: taa za rangi chini ya bodi, rimu zinazozunguka, spika zimejaa buti nzima. Mtoto aliyelelewa akiona nganya za mji huu zikipita na michoro ya wasanii ubavuni na muziki unaotikisa vioo haitaji kuelezwa kwa nini mtu atumie pesa ya mashindano kununua taa. Lakini kupamba kunahitaji muda, na muda ndicho kitu mwenye gemu anauza. Nimewahi kuona dogo akimaliza zamu yake yote akichagua rangi. Alisimama akiwa ametosheka kabisa, na wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa tayari kumpiga.

Midnight Club 3 na elimu ya panya route

Midnight Club 3: DUB Edition, ya Rockstar, ilitoka mwaka wa 2005 na inapita mtihani wa kibanda vizuri zaidi. Ina miji mitatu ya Marekani: San Diego, Atlanta na Detroit. Sehemu kubwa ya mbio zake hazina ukuta wa kukushikilia njiani. Unaonyeshwa nguzo ya moshi kwa mbali, unaambiwa fika pale, na namna ya kufika ni shauri yako. Unaweza kufuata barabara kuu, unaweza kukata katikati ya jengo, unaweza kupitia uchochoro.

Mtu wa Kawangware anaielewa gemu hii kabla ya kuishika padi. Dere wa 46 akiona jam imesimama hafikirii mara mbili: anakata kona, anaingia panya route, mnapita nyuma ya nyumba za watu na nguo zilizoanikwa, na mnatokea mbele ya magari yaliyowatangulia. Ujuzi wa dere ni ramani aliyo nayo kichwani. Midnight Club 3 inakupa ujuzi wa namna hiyo, na hapo ndipo thamani yake ya kurudiwa ilipo. Unachokipata kwenye rauni ya leo hakihifadhiwi kwenye kadi ya mtu. Kiko kichwani mwako. Kesho ukirudi, hata kama mwenye gemu amefuta kila kitu, wewe bado unajua kwamba ule uchochoro wa kushoto unaokoa sekunde tatu.

Kasoro yake ni kwamba inapendeza zaidi mikononi kuliko machoni. Magari yanapita kasi, kamera inatikisika, na aliyekaa kwenye benchi haelewi kwa nini umepotea njia. Kwenye kibanda, watazamaji ni nusu ya mchezo. Wao ndio wanaocheka, wanaokushauri vibaya, na wao ndio wanaofuata kulipa.

Burnout 3, ambapo hata kuanguka ni zamu

Basi tufike kwa mshindi. Burnout 3: Takedown ilitengenezwa na Criterion wa Uingereza mwaka wa 2004. Ukiitazama juu juu ni gemu ya ujinga: hakuna hadithi, magari si ya kampuni halisi, na kazi yako ni kuwasukuma wenzako ukutani. Lakini iliundwa na watu walioelewa sarafu, hata kama walikuwa wakiuza diski.

Angalia inavyokupa nguvu ya kasi. Haikulipi kwa kuendesha vizuri. Inakulipa kwa kuovalapu kwenye upande wa magari yanayokuja, kwa kupita karibu na lori kiasi cha kusikia upepo wake, kwa kuteleza kwenye kona. Halafu angalia inavyokuadhibu. Kwenye gemu nyingi ukigonga umekwisha, unangoja urudishwe barabarani huku wenzako wakiyoyoma. Hapa ukigonga, muda unapungua mwendo, na bado unaweza kulisukuma gari lako lililovunjika likiwa hewani ili limwangukie aliyekugonga. Ukimpata, kosa lako limegeuka pointi. Anayeshindwa hachoki, kwa sababu hata kushindwa kwake kuna la kufanya.

Na kuna ile sehemu ya ajali, ambapo unapewa makutano yenye magari mengi na unaambiwa usababishe hasara kubwa iwezekanavyo. Unakimbia kwa sekunde chache, unajirusha, kila kitu kinalipuka, hasara inahesabiwa kwa dola, padi inaenda kwa mwingine. Zamu moja haimalizi hata kikombe cha chai. Kibandani watu watano walikuwa wakichanga, padi inazunguka, na mwenye hasara ndogo ndiye anayelipa rauni inayofuata. Hakuna aliyehitaji memori kadi. Benchi zima lilikuwa linaelewa kinachotokea.

Ndugu zake waliofuata wanathibitisha jambo hili kwa njia ya kinyume. Burnout Revenge ya mwaka wa 2005 ilikuruhusu kugonga magari madogo yanayoelekea upande wako bila kuanguka, ukayatumia kama mawe ya kurusha. Inafurahisha kwa nusu saa, kisha unagundua kwamba ule woga uliokuwa unakufanya ukae mbele ya kiti umepungua. Burnout Paradise ya mwaka wa 2008 ilifungua mji mzima, ikawa nzuri mno kuitazama, lakini ilipotoka haikuwa na njia ya kuanza upya shindano ulilolipoteza. Ulilazimika kuendesha tena mpaka ulipoanzia. Baadaye wakaongeza kitufe cha kurudia. Gemu ya mbio iliyosahau kitufe hicho imesahau ilikotoka.

Najua kuna mtu atasema: wewe unasifu gemu ya ajali katika mji ambao watu wanakufa barabarani kila siku. Ni swali la haki. Mwaka huohuo wa 2004 ambao Burnout 3 ilitoka, Kenya ilianza kutekeleza kanuni ambazo hadi leo tunaziita Sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Matatu zikafungwa vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, zikatiwa mikanda, zikachorwa ule mstari wa manjano ubavuni. Yale yote Burnout 3 inayolipa pointi ndiyo serikali ilikuwa inajaribu kuyafuta barabarani.

Jibu langu ni hili. Burnout 3 haina watu. Hakuna anayetembea kwa miguu, na ndani ya magari huoni uso wa mtu yeyote. Ni vyuma vitupu vinavyogongana. Nairobi wanaokufa zaidi barabarani ni waenda kwa miguu, na hao ndio gemu hii imewaondoa kabisa. Unaweza kuona huo ni uoga wa wabunifu. Mimi naona ndiyo sababu tuliweza kuicheka. Siku ambayo mtu unayemjua amegongwa Ngong Road, hakuna anayetaka gemu inayomwonyesha. Lakini ukubali pia kwamba kicheko hicho kina bei: inakufunza kupenda barabara isiyo na binadamu.

Kurudia ni neno zito

Hapa nataka kusimama kwenye neno lenyewe. Kurudia, kwa sisi tuliosoma shule za hapa, si neno la raha. Anayerudia darasa anajulikana na ploti nzima. Anakaa na wadogo zake, na mwalimu mpya anamtambulisha kwa hilo. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa, na kila nikienda ocha swali ni lilelile: utarudi lini? Anayeuliza ana nia njema, lakini swali lina mizani ndani yake. Kurudi maana yake ni kukiri kwamba wenzako wako mbele.

Ndiyo maana nadhani mvuto wa kurudia gemu ni suala kubwa kuliko burudani. Kibandani ndipo mahali pekee nilipojua ambapo kuanza upya hakukuwa na aibu. Umeshindwa, umelipa, umeketi, na hakuna aliyeandika popote kwamba hii ni mara yako ya sita. Lakini si kila gemu inakupa hilo. Most Wanted, bila kadi, inafanya kurudia kuwe kama kule kwa shuleni: unarudishwa chini ya ngazi na kukumbushwa ulichoporwa. Burnout 3 inakuchukua ulipo. Midnight Club 3 inakuruhusu ubaki na ulichojifunza. Tofauti hiyo inatoka kwenye maamuzi ya wabunifu, na mkosoaji anayehesabu saa hawezi kuiona, kwa sababu kwake kuanza upya hakugharimu chochote.

Simu, na barabara ambazo si zetu

Siku hizi vibanda vipo, lakini ukipita utasikia kelele za FIFA karibu pekee. FIFA ilishinda kwa sababu inapita mtihani wote: mechi ina mwanzo na mwisho, wawili wanacheza, benchi linaelewa. Mbio zimehamia kwenye simu.

Kwenye simu, Hill Climb Racing ya Fingersoft kutoka Ufini, iliyotoka mwaka wa 2012, ndiyo mrithi halisi wa akedi. Pedali mbili, mlima, mafuta yanayoisha, na shingo ya dereva inayovunjika ukipinduka vibaya. Haihitaji bando ili uicheze. Jaribio moja linaisha kabla matatu haijajaa, na unapoanza tena hakuna anayekuomba kitu. Asphalt 8: Airborne ya Gameloft, ya mwaka wa 2013, ni nzuri zaidi kwa macho, magari yanaruka na kuzunguka hewani, lakini inakula nafasi kwenye simu na kila unaponogewa inakukumbusha kwamba gari bora linapatikana kwa pesa halisi. Sarafu imerudi, ila sasa huoni mkebe na hujui zamu yako inaishia wapi. Mwenye gemu wa Kisumu Ndogo alikuwa mwaminifu kuliko hiyo: ashu ni ashu, na alikuambia kabla hujaketi.

Na Kenya yenyewe iko wapi kwenye mbio hizi? Iko kwenye vumbi. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka wa 2000 ilikuwa na barabara za Kenya, jambo la haki, kwa kuwa McRae mwenyewe alishinda Safari Rally mwaka wa 1997, 1999 na 2002. WRC 9 ya mwaka wa 2020 ilituweka tena, kabla Safari haijarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021. Ni heshima, lakini ni Kenya ya mgeni anayepita kwa kasi. Katika gemu zote za kigeni nilizozitaja hapa hakuna hata moja yenye kituo cha matatu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watengenezaji wa Nairobi walijaribu na Ma3Racer, gemu ya simu inayokuweka kwenye kiti cha dere wa matatu. Jina tu lilikuwa limeshajua linazungumza na nani. Wazo hilo halijachoka, linangoja atakayelirudia.

Akija, namwomba akumbuke kibanda. Atupe rauni ya dakika tano. Atupe abiria, konda anayepiga bodi mlangoni, karao wa kukwepa, na panya route za kukariri kichwani. Aweke waenda kwa miguu, na awape thamani. Na aweke kitufe cha kurudia mahali ambapo kidole kinakifikia bila kutafuta.

Msimamo wangu, kwa wale waliosoma kutoka chini kwenda juu: Burnout 3 ya kwanza, Midnight Club 3 ya pili, Hill Climb Racing ya tatu. Most Wanted ni ya nne, na wenye memori kadi zao wanaruhusiwa kunibishia. Ukipata kibanda ambacho bado kina PS2 na diski ya Burnout 3 isiyo na mikwaruzo mingi, usiingie na ashu. Beba mbao.